Mdomo wa Ukurasa wa Nne

Meno yangu niliyaona kanisani Kisauni, kwenye kijitabu cha ibada ya wafu, ukurasa wa nne. Marehemu alikuwa amepigwa picha akiwa jukwaani, suti ya kijivu, mkono mmoja juu, na nyuma yake kulikuwa na pazia jeupe la kuonyeshea picha, kubwa kama ukuta wa nyumba. Kwenye pazia lile palikuwa na mdomo wa mtu uliofunguliwa mpaka koo. Chini waliandika: "Profesa akiwasemea wanyonge mbele ya ulimwengu." Niliukazia macho mdomo ule. Jino la mbele, la juu, lilikuwa na kibonde chembamba, upana wa uzi. Kibonde hicho nilikichonga mwenyewe kwa miaka mingi ya kukata nyuzi za magunia kwa meno, katika ghala la chai Changamwe, kwa sababu mkasi ulikuwa mmoja na wanawake tulikuwa wengi. Nyuma zaidi, chini, palikuwa na gego lenye tundu jeusi. Gego hilo sinalo tena. Nilipitisha ulimi mahali lilipokuwa, nikakifunga kijitabu, nikakikalia.

"Dada," Mbeyu alininong'oneza bila kugeuza shingo, "tulikubaliana."

"Kwani nimesema nini?"

"Bado. Lakini nakujua."

Mbeyu ni mdogo wangu wa mwisho. Ni daktari wa meno, na siku hizi anawafundisha madaktari wa meno. Marehemu ndiye aliyemsimamia alipoanza utafiti, na baada ya kustaafu alifungua kliniki hapo hapo Kisauni. Asubuhi ile, nyumbani Magongo, Mbeyu alinifunga kitambaa cha kichwa mwenyewe huku akiniapisha kama mtoto: nitaimba, nitampa pole mjane, nitakaa chini. Kipaza sauti sitakishika. Nilikubali kwa sababu mjane hana kosa, na kwa sababu maiti haiwezi kujibu. Watu husema hasira hupoa. Yangu imezeeka pamoja nami, imejifunza adabu kidogo, hunyamaza kukiwa na wageni. Lakini kupoa haijapoa. Na pale kwenye benchi, nikiwa nimekikalia kijitabu, niliurudia mwaka wote wa picha ile tangu mwanzo, kwaya ikiimba na mimi nikiitikia bila kusikia ninachokiimba.

Jinsi wazazi wetu walivyotutoka si habari ya hadithi hii. Itoshe kwamba nilikuwa kidato cha pili, Mbeyu ana miaka minne, na kati yetu alikuwepo Katana, ambaye baadaye alipata kazi Voi akakaa huko huko. Niliacha shule katikati ya muhula. Vitabu vya maktaba nilivirudisha mwenyewe. Kabla sijatimiza miaka kumi na saba, Magongo nzima iliniita Mama Mbeyu. Kwetu huku mtu halei mtoto akabaki na jina lake. Hata mwalimu mkuu, aliyejua fika kwamba mimi ni dada, aliniita hivyo kwenye mikutano ya wazazi, nami nilisimama nikaitika abee, nikatia sahihi palipoandikwa mzazi.

Mwaka ninaousema, Mbeyu alikuwa amehitimu, amepangiwa hospitali ya umma huku upande wa bara, na amerudi kukaa nami. Tulikuwa na vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Chumba cha mbele kilikuwa na meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua ya njano. Hapo ndipo tulipokula, hapo nilipopigia pasi, hapo Mbeyu alipoweka kompyuta yake iliyong'oka kibonyezo kimoja, na ukutani juu yake kulikuwa na kalenda ya duka la mbao niliyoiacha kwa sababu ilificha ufa. Jioni moja tulikuwa tunakula ugali na mchicha wa nazi, naye akawa anaukunja na kuukunjua mkono wake wa kulia.

"Leo nimeng'oa mpaka vidole vinauma," alisema. "Na mengi yake yangezibika, dada. Nawaambia, njoo leo tusafishe, urudi Jumanne, urudi tena wiki ijayo tulizibe, uzeeke nalo. Wananiambia, daktari, wewe ng'oa."

"Walikuwa wamevaa nini?"

"Nani?"

"Hao wa kusema ng'oa."

Alifikiri. "Maovaroli. Wengine wana vumbi la saruji mpaka kwenye kope."

"Basi hao ni watu wa geti," nilimwambia.

Nikamweleza jambo ambalo nilidhani kila mtu Changamwe analijua. Vibarua huchaguliwa kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Mnasimama getini, nyapara anatoka, ananyoosha kidole: wewe, wewe, wewe. Ukikosa siku moja anakutania, anakusamehe. Ukikosa ya pili, mtu mwingine ameshika sindano yako. Ya tatu, umesahaulika kama hukuwahi kuwepo. Kuziba jino ni siku tatu. Kung'oa ni siku moja. "Hatung'oi kwa sababu linauma sana," nilisema. "Tunang'oa kwa sababu ya nyapara."

Mbeyu aliweka tonge chini. "Dada, rudia." Alinawa, akaleta daftari, nikarudia huku chakula kikipoa. Utafiti ulianzia hapo, juu ya maua ya njano, na sijawahi kuona karatasi yoyote inayosema hivyo.

Alipata vibali vyake vyote, mmoja baada ya mwingine, na meneja wa ghala akakubali aje saa ya chakula. Alikuja na koti jeupe, tochi ya kichwani, vioo vidogo vya mdomoni na kamera. Tulikaa nyuma ya rundo la magunia, vumbi la chai likielea kwenye mwanga wa dirisha la juu, na mdomo wangu ulikuwa wa kwanza ili wengine wasiogope. Wa pili alikuwa Mama Saumu, mwenzangu wa kushona, mama wa Likoni aliyevuka feri kila alfajiri na hakukosa neno hata siku moja.

"Fungua mdomo, mama."

"Mwanangu, mume wangu miaka yote hii ataka niufunge, nawe wataka niufungue?" Wanawake waliangua kicheko. "Haya. Lakini wallahi nikikung'ata usinilaumu, nina njaa."

Mbeyu alimuuliza kila mmoja lini aling'oa, kwa nini aling'oa, nani alimwambia ang'oe. Wakati mwingine jibu lilikuwa ni jina la nyapara tu, nalo akaliandika. Mimi nilitia sahihi karatasi ya ridhaa. Ilisema picha ya mdomo wangu itatumika kufundishia na kututafutia huduma bora. Sikusita hata kidogo. Nimekuwa nikimtilia Mbeyu sahihi tangu chekechea. Alipomaliza kunipiga picha alinishika kidevu. "Gego hili linazibika, dada. Mara tatu tu." Nikamwambia nitakuja.

Profesa alikuja kula kwetu Jumapili moja baada ya ibada. Nilipika wali wa nazi na kuku, nikaazima viti kwa fundi wa kuchomelea. Sitamsingizia: alikuwa mtu wa adabu, mkono laini, mwenye kusifu chakula mpaka ukaongeza. "Mama Mbeyu, umepika," alisema, akaongezewa. Nikaona nafasi, nikamweleza habari ya geti kwa mdomo wangu, maana nilidhani mtu mkubwa kama yule atapenda kuisikia kwa mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Hiyo ni hadithi nzuri sana, mama. Lakini sisi tunatafuta sababu."

"Hiyo ndiyo sababu yenyewe, Profesa."

Alicheka, cheko la upole, akaniomba pilipili. Baadaye nilikuwa uani naosha vyombo. Dirisha lile halikuwa na kioo, lilikuwa na wavu tu, na kila neno lilinifikia.

"Nikuambie ukweli, binti. Ng'ambo hawalijui geti. Waambie watu wana uelewa mdogo. Uelewa mdogo una dawa: utachapisha mabango, utafanya semina, utapewa ufadhili. Geti utalitibu kwa dawa gani?"

"Lakini Prof, wao wenyewe wamesema ni geti."

"Wamesema, ndiyo. Mgonjwa husema mengi. Wewe andika, tutaona."

Mbeyu aliandika geti. Aliliandika juu kabisa, kwenye muhtasari alioutuma ng'ambo, jina lake likitangulia na la Profesa likifuata kama ilivyo desturi yao. Mwishoni mwa masika lilikuja jibu. Kulikuwa na mfuko wa huko ulioundwa kuwasafirisha watafiti chipukizi wa meno kutoka nchi za kipato cha chini ili wasimame kwenye mkutano mkubwa, na mfuko huo ulikuwa umemchagua. Tiketi, malazi, chakula, siku nne. Alinisomea barua nikiwa nimekaa kitandani miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, na nilipoipeleka habari ghalani Mama Saumu aliinua sindano juu kama bendera. "Kipato cha chini ndio sisi? Kumbe watujua!"

Msomaji asidhani tulifurahia ndege. Mwalimu mmoja wa chuo cha huko alikuwa amesoma muhtasari, akamwandikia Mbeyu: ana nafasi ya mwanafunzi mmoja wa shahada ya juu, na angependa waonane mkutanoni wazungumze ana kwa ana. Mbeyu alikuwa ameomba nafasi za aina hiyo mpaka amechoka kuomba. Halafu mfuko wenyewe ulikuwa na sharti: uwe hujapitisha miaka kadhaa tangu kuhitimu, na kwake ule ulikuwa mwaka wa mwisho. Kwa hiyo zile siku nne ndizo zilizobeba kila kitu. Alijizoeza kila jioni kwenye chumba cha mbele, amesimama kati ya meza na mlango, na mimi nikiwa mwenyekiti wa mkutano. Dakika kumi zikitimia niligonga kikombe kwa kijiko. Alizungumza Kiingereza, nami kidato changu cha pili kilinitosha kufuata. Nilijua geti lingetokea picha ya sita, mara tu baada ya mdomo wangu, na kila lilipofika niliketi sawasawa kama mtu aliyetajwa jina.

Wiki hizo hizo gego lilianza kuniuma. Nililala na karafuu mdomoni. Siku moja Mbeyu akiwa zamu ya hospitali nyingine nilikwenda pale kwake nikapanga foleni, nikamwambia kijana mwenzake ang'oe. Alinieleza kwa heshima kwamba linazibika, nikamwambia najua. Jioni Mbeyu alinikuta nimeuma pamba.

"Hata wewe?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo, hata mimi.

"Dada, linazibika lile! Nimekuambia kwa mdomo wangu! Nina picha yake!"

Nilitoa pamba. "Siku zangu za kukosa nimekuwekea wewe, za kwenda Nairobi kwa ajili ya viza. Sina nyingine za meno."

Ubalozi ulitaka mahojiano, na sikuwa tayari kumwacha aende peke yake. Tulichukua treni ya asubuhi, tukalala kwa rafiki yake wa chuo, na kesho yake alivaa blauzi niliyoipiga pasi mara mbili, akaingia. Mimi nilibaki nje ng'ambo ya barabara, kwenye ukingo wa saruji, pamoja na wazazi na waume wa watu wengine, kila mtu na bahasha yake ya kaki. Mama mmoja wa Machakos alinigawia karanga. Mbeyu alitoka mapema mno. Alikuja akakaa ukingoni bila kujali blauzi.

"Waliniuliza mwaka wa kuzaliwa wa mama."

Nilielewa hapo hapo, kabla hajaendelea. Na hapa lazima nirudi nyuma, kwa sababu kosa lilikuwa na mahali pake pa kuzaliwa. Mbeyu alipokuwa darasa la nane, mtihani wa taifa ulidai cheti cha kuzaliwa, naye hakuwa nacho. Nilikwenda ofisi ya vyeti nikiwa na barua ya chifu. Karani alikuwa na kikombe cha chai na skonzi. Aliuliza vyeti vya vifo vya wazazi. Havikuwepo, walizikwa shambani, na hakuna aliyekwenda kuandikisha. Akasema basi lazima mama aje na kitambulisho. Nikamwambia mama amekufa. Akasema basi alete cheti cha kifo. Tulizunguka hivyo mara tatu, nyuma yangu watu wanaguna, na usajili wa mtihani ulikuwa unafungwa Ijumaa ile. Mwishowe alisoma barua ya chifu vizuri. "Hapa pameandikwa wewe ndiye Mama Mbeyu."

"Ndivyo wanavyoniita."

"Ndiwe uliyemlea?"

"Ndiyo."

"Basi jiandike wewe tumalize. Nani atahesabu?"

Nikajiandika kwa herufi nzuri. Mbeyu alifanya mtihani. Kutoka kwenye cheti kile kikatoka kitambulisho, kutoka kwenye kitambulisho ikatoka pasipoti, na kila ofisi ya nchi hii iligonga muhuri wake juu ya kisanduku cha mama bila kuhesabu. Miaka kumi na tatu baadaye walipatikana wa kuhesabu. Mwanamke wa nyuma ya kioo, Mbeyu alisema, hakuwa mkali hata kidogo. Aliuliza, "Mama yako alikuzaa akiwa na miaka kumi na moja?" Mbeyu akaeleza yote. Akajibiwa, "Kwa hiyo cheti ulicholeta si cha kweli." Kisha akaulizwa ana mume, mtoto, ardhi, wazazi walio hai, kitu gani kitakachomrudisha nyumbani. Alisema ana dada. Mwanamke aliangalia fomu juu mpaka chini akatafuta pa kuliandika hilo, hakupaona, akaendelea.

Jambo moja hunichoma mpaka leo. Mwaka wangu wa kuzaliwa Mbeyu aliuandika mwenyewe kwenye fomu. Angeweza kuniongezea miaka kumi, na pale pale dirishani hakuna aliyekuwa na kitambulisho changu cha kulinganisha. Hakuniongezea, kwa sababu mimi ndiye niliyemlea asiseme uongo.

Wakili wa Changamwe, mwenye ofisi juu ya duka la vipuri, alituambia dawa ni kiapo. Alikichapa tukiwa tumekaa. Nilikisoma mara mbili: mimi niliyetajwa hapo juu naapa kwamba mimi si mama wa Mbeyu, sikuwahi kuwa mama yake, na jina langu liliingizwa kwa makosa. Mbeyu alisimama dirishani akatazama malori. "Si lazima, dada," alisema. Nikatia sahihi. Kila neno la kiapo kile ni kweli, na sijawahi kutia sahihi uongo mkubwa kama ule.

Haikusaidia. Kurekebisha cheti ilikuwa kazi ya miezi, na tarehe mpya ya mahojiano waliyompa iliangukia baada ya mkutano kwisha. Mbeyu aliwaandikia wale wa mfuko. Aliomba azungumze kwa video kutoka hospitalini, au wamhifadhie nafasi mwaka unaofuata. Jibu lilikuwa la upole, na upole huo ndio ulionitia wazimu. Walisikitika mno. Msaada wao ni wa safari, kwa hiyo asiyesafiri haumhusu. Mwaka ujao atakuwa amepitisha muda. Walimtakia kila la heri, wakamkumbusha kwamba mwandishi mwenza anaruhusiwa kuwasilisha kwa niaba yake. Nilimwomba anisomee tena, nikidhani nimekosa kuelewa. Walitengeneza mfuko kwa ajili ya watu wa nchi kama yetu, kisha wakauwekea masharti ya watu ambao vyeti vyao havijawahi kupotea. Walitutaka tuwe maskini, lakini makaratasi yetu yawe ya tajiri.

Mwandishi mwenza viza alikuwa nayo, ya miaka mingi, na nauli yake ilitoka chuoni. "Nafasi isipotee, binti," alimwambia kwenye simu. "Nitumie picha zako." Mbeyu akatuma, na maelezo ya kila mdomo, pamoja na habari ya gego langu kung'olewa.

Mimi nilirudi getini na nyapara akanipita. Siku za Nairobi, siku ya wakili, na ile ya gego. Mwanamke mgeni alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Mama Saumu alikuwa ameiokoa sindano yangu, ameichomeka kwenye pindo la kanga. Alinipa pale pale getini mbele ya watu. "Shika, usije ukasema tulikuzika." Nilisimama pale kila alfajiri wiki tano, sindano imo kwenye kanga yangu, kabla kidole hakijanigeukia tena.

Profesa aliporudi alileta mfuko wa kitambaa wenye nembo ya mkutano, kalamu mbili, na mswaki. Video ya mazungumzo iliwekwa mtandaoni, na Mbeyu akaifungua juu ya meza ya maua ya njano. Nilijiweka mahali pangu pa mwenyekiti. Nilikuwa hata na kijiko. Mdomo wangu ulitokea mkubwa, umejaa pazia zima, na watu wa mbele wakainama kuuangalia. Nikaketi sawasawa, nikasubiri geti. Profesa alisema maneno kadhaa, akapunga mkono, akaenda picha nyingine, yenye bango la mtoto anayepiga mswaki.

"Amesema nini pale?"

"Dada..."

"Nilisoma mpaka kidato cha pili. Nataka uniambie wewe."

Mbeyu alizungumza akiangalia kibonyezo kilichong'oka. "Amesema mgonjwa huyu alikuwa na jino linalozibika, lakini aling'oa kwa sababu hakujua kuwa meno huzibwa. Amesema huo ndio uelewa wa watu wetu."

"Na geti?"

"Ameliondoa."

Kwenye video watu walikuwa wanapiga makofi. Nilivaa viatu. Nilijua ofisi yake ilipo, nilijua maneno yote. Mbeyu alinitangulia mlangoni akasimama na mikono ameshika miimo. "Yeye ndiye anayenitilia sahihi," alisema. "Kila barua, dada. Kila kitu kwa miaka mitatu ijayo. Ukimtukana leo, mimi nimekwisha." Nilimwangalia mtoto niliyemlea, amekuwa mrefu kuliko mimi, anaziba mlango. Nikavua viatu. Yule mwalimu wa ng'ambo alimwandikia mwezi uliofuata kwamba alifurahi sana kukutana na Profesa, na kwamba nafasi imepata mtu. Mbeyu alisoma hapa hapa nchini, polepole, akifanya zamu. Nje hajawahi kwenda mpaka leo. Vijana anaowafundisha wakianza kuomba safari hizi, kabla ya kusoma walichoandika huwauliza kwanza jina lililo kwenye kisanduku cha mama, na wapo wanaolia.

Wengine watasema Profesa alikufa akiwa amemsaidia Mbeyu mengine mengi, na ni kweli, barua alitia sahihi zote. Nimeyapima hayo kwa miaka. Naweza kumsamehe kwenda. Mtu akipewa nafasi huenda. Lakini alikula wali wangu, akasikia sababu kutoka mdomoni mwangu, kisha akaupeleka mdomo ule ule ng'ambo akasema haujui kitu.

Basi kanisani, wasifu wa marehemu uliposomwa, wakaitwa wanafunzi, wakaitwa majirani, na mshereheshaji, kijana mwenye sauti ya redio, akaangalia karatasi yake. "Tunaye mama ambaye Profesa alikula mezani kwake. Tumwombe Mama Mbeyu, neno moja tu la faraja."

Nilihisi mkono wa Mbeyu juu ya goti langu. Haukunibana. Ulikaa tu, kisha ukaondoka.

Nilichukua kijitabu nilichokuwa nimekikalia, nikaenda mbele. Nilimpa mjane pole kwa jina lake, na ilikuwa pole ya kweli. Kisha nikasema, "Mimi naitwa Kadzo. Nashona magunia kwenye ghala la chai, Changamwe. Fungueni ukurasa wa nne." Karatasi zikachakarishwa kanisa zima. "Mdomo huo ni wangu. Lile gego halipo, mnaweza kuja kuangalia. Sikuling'oa kwa kutojua. Niling'oa kwa sababu ukikosa siku tatu getini unapoteza kazi, na jambo hilo nilimweleza marehemu mwenyewe, na mwanangu aliliandika. Nimekuja kulisema kwa sababu liliachwa." Mtu mmoja nyuma, mwanamume, akasema kwa sauti, "Kweli, mama." Sijui ni nani. Nilirudisha kipaza sauti, nikaenda kukaa. Kijana wa sauti ya redio aliomba wimbo haraka.

Baada ya ibada tuliingia garini. Mbeyu aliendesha, daraja la Nyali, mjini, mpaka tukafika Makupa. Nilikuwa tayari kwa lolote. Nilivunja ahadi yangu mbele ya wakubwa zake na nisingeomba radhi. Aliwasha taa ya kugeuka, akalipisha lori la makontena, akasafisha koo.

"Umesahau kuwaambia," alisema, "kwamba lilikuwa linazibika."